Nawaza kula kutwa kucha, hata nikiwa nimeshiba. Kuna mwenzangu humu?

Fundi_Mbagala

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunitania, maana humu hamkawii.

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani, banda langu liko Mbagala. Shida yangu ni kwamba nawaza kula muda wote. Njaa naijua, na hii siyo njaa tu. Tonge liko mdomoni na mimi nimeshafika kwenye chakula cha jioni. Nikifumbua macho alfajiri, kabla sijakumbuka leo siku gani, nimeshakumbuka kuna kiporo cha wali kwenye sufuria dogo, na kama watoto watakimaliza au la.

Juzi kaja mteja kupimwa, sare ya kitchen party ya mdogo wake. Nazungusha futi, yeye anaongelea ukumbi. Mimi namuuliza, "Mpishi mmeshapata?" Hata sijamuuliza anataka mkono mrefu au mfupi. Akaanza kunitajia: pilau, ndizi nyama, kuku wa kukaanga, kachumbari ya embe. Futi inaning'inia shingoni, nimesimama nasikiliza. Alipoondoka nikafungua daftari nikate kitambaa. Kifua 40, kiuno 34, nyonga kuku. Nimeandika kuku, kwa mwandiko wangu, pale penye nyonga. Ikabidi nimpigie arudi kupimwa upya, nikamwambia daftari limelowa.

Jirani yangu ni kijana wa chipsi. Saa tano anamenya viazi, saa sita anawasha jiko. Wala sinunui kila siku. Kinachonichosha ni mabishano na nafsi yangu: ninunue, nisinunue, ninunue nusu, nikinunua usiku nisile, yai moja au mawili. Yanaanza saa tano hiyo na mpaka saa kumi hayajaisha, nguo ya mtu iko pale pale. Na nikinunua hayaishi, yanageuka tu kuwa kwa nini nimenunua.

Usiku watoto wakilala naangalia video za mapishi kwenye simu. Keki za ghorofa tatu. Mimi hata oveni sina.

Mama mkwe alisema ni mimba, nikapima, hamna. Akasema basi minyoo, nikanywa dawa, hamna kilichobadilika. Nikaenda kituo cha afya kupima sukari, iko sawa. Aliyenipa majibu akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Punguza kula tu, mama." Basi, nikarudi nyumbani.

Na napunguza! Tangu nijifungue wa pili mwili umeongezeka, shoga yangu akanipa utaratibu wake: asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango, usiku matunda, wanga marufuku. Naushika vizuri mpaka jioni. Ikifika saa nne usiku nasimama jikoni, taa siwashi, nakula kiporo cha baridi kwa upawa. Mume wangu hajui. Au anajua, ananisitiri.

Halafu kuna hili ambalo silielewi kabisa. Ramadhani haya mawazo hupungua. Nashinda na swaumu, nashona nguo za Idi mpaka vidole vinakufa ganzi, na kichwa kimetulia kuliko siku za mayai mawili. Inakuwaje?

Swali langu: huu ni ugonjwa, ni ulafi, au wapo watu wanaishi hivi na hawasemi?

Kibarazani

Dada, tatizo lako ni kukaa. Fundi anakaa kutwa, kichwa hakina shughuli, lazima kiwaze chipsi. Mimi nabeba mizigo Kariakoo, hayo mambo ya keki za ghorofa nayatolea wapi muda? Samahani, lakini hapo naona ulafi tu.

Fundi_Mbagala

Kaka yangu, unabeba mizigo Kariakoo na saa nne hii ya asubuhi umeshasoma habari yangu yote mpaka kwenye keki. Haya, ahsante.

Lishe_Dodoma

Dada Fundi, pole. Mimi ni afisa lishe hospitalini. Sijakuona, kwa hiyo sikupi jina la ugonjwa wowote. Ila hebu rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: tangu unaamka mpaka giza linaingia umekula mayai mawili na tango. Mtu mzima, anakanyaga cherehani, ana watoto wawili. Kwa maelezo hayo mimi ningeshangaa kama USINGEKUWA unawaza kula.

Kuna jambo lilifanyika Marekani ambalo huwa nawasimulia wagonjwa wangu. Mwaka 1944, vita kuu ya pili haijaisha, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana wa kiume 36. Walikuwa wamekataa kwenda kupigana kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kwa utafiti. Alichagua wenye afya njema ya mwili na ya akili. Walilala kwenye vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Kwanza wakala kawaida, kisha kuanzia Februari 1945, kwa takribani miezi sita, wakapewa kama nusu ya chakula chao: mkate, viazi, kabichi, tambi. Hawakunyimwa kabisa, nisikilize hapo. Walikula kila siku, ila pungufu.

Walipungua karibu robo ya uzito. Hilo lilitarajiwa. Lililoshangaza ni vichwa vyao. Vijana ambao jikoni hawakuwa na habari nako wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wanakaa na sahani moja muda mrefu, wanachanganya, wanaongeza maji, wanailamba. Wakaota chakula. Mazungumzo ya wasichana na siasa yakafa, yakabaki ya kula. Na waliporudishiwa chakula wapo waliokula mpaka tumbo likauma na bado wakasema hawajashiba. Hao walikuwa na nidhamu kuliko mimi na wewe, na wengi wao walivumilia mpaka mwisho. Sasa wewe na video zako za keki usiku, nikuite mlafi kwa lipi?

Mwili una njia zake za kudai. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, iligunduliwa 1994, kazi yake kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ukijinyima, inashuka, na ubongo unaanza kukusukuma utafute chakula. Tumbo nalo hutoa homoni ya gherelini, iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, hiyo huamsha njaa, na ukikosa usingizi nayo hupanda. Nikuulize: msimu wa sare unalala saa ngapi?

Kuhusu Ramadhani. Mimi siyo Mwislamu lakini nimeshawahudumia wengi wanaoniambia hivyo hivyo. Naona ni hivi: ukifunga hujanyimwa, unasubiri. Magharibi ikiingia utakula, tena utakula mihogo ya nazi, tambi na uji, na hakuna wa kukuhesabia. Kwa hiyo mchana kutwa huna cha kubishania. Siku za mayai mawili kila tonge lina kesi yake, na hakimu ni wewe, na mshitakiwa ni wewe.

Maswali mengine, na hapa sikuhukumu. Unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Kwa baadhi ya wanawake huongeza hamu ya kula. Umewahi kupima tezi ya shingo? Na hayo ya jikoni usiku: kuna siku unakula mpaka unaumwa na huwezi kuacha? Unajitapisha? Kula kingi kwa mkupuo huku umeshindwa kujizuia, ikawa inajirudia wiki hadi wiki, ni ugonjwa unaotambuliwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliupa nafasi yake kwenye mwongozo wao wa mwaka 2013, na unatibika, sehemu kubwa kwa mazungumzo na mtaalamu. Kwa Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Najua mtu akisikia hivyo anawaza ataambiwa kapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wacha waseme.

Kwa sasa kula asubuhi. Uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, au chapati na maharage, au supu. Mchana kula ugali wako wa dona, dagaa, mboga za majani. Siku za kwanza utaogopa. Kula hivyo hivyo na woga wako.

BabaWawili_Umoja

Mimi niko Nairobi, nina miaka 51, ni mgonjwa wa kisukari. Afisa amesema vizuri, lakini kuna upande mwingine nataka huyu dada ausikie, kwa sababu mimi sikuwa najinyima kitu. Nilikuwa nakula nashiba, na kelele kichwani ziko tu. Niko kwa mkutano kazini, mkubwa anaongea, mimi nahesabu mutura ya jioni, ile soseji ya matumbo, nitanunua ya pesa ngapi. Kijiji kizima kinajua mimi ni mtu wa chakula. Kwa harusi nilikuwa nachunguza kwanza sufuria zimewekwa wapi, ndipo nichague kiti.

Mwaka juzi daktari akanianzishia sindano ya semaglutide, ile ya Ozempic, ya sukari, mara moja kwa wiki. Hakuniambia chochote kuhusu mawazo. Jioni moja niko kwa matatu, tukapita pale mutura inachomwa, na nilikuja kugundua tumepita tukiwa tumefika kituo cha mbele. Nilishuka nikasimama hapo barabarani nikijiuliza: kwani watu wengine huishi hivi kila siku? Maisha yangu yote nimeambiwa sina nidhamu, na huyo mwenye nidhamu alikuwa tu hasikii hizi kelele.

Sasa usikimbie kuitafuta. Mimi nimepewa kwa sababu ya kisukari na kuna daktari ananifuatilia. Kichefuchefu cha mwezi wa kwanza sikuombei. Nilitapika, choo kikawa shida. Bei yake inauma. Ilipokosekana kwa duka la dawa, nilikaa bila hiyo kwa muda, na kelele zikarudi zote, hata na wenzake. Kuna bandia pia: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic feki zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kwa hivyo mtu akikuletea kwa mfuko wa plastiki, mrudishie.

Na kuna kitu hakuna mtu huongelea. Jumapili sisi huenda Kenyatta Market na marafiki, tunakula nyama choma, tunabishana. Siku ya kwanza baada ya sindano nilikula vipande vichache nikaachia hapo. Nyama ilikuwa nyama tu. Niliwaangalia wakilamba vidole nikasikia upweke, kama nimehama nchi. Mke wangu naye alipenda sana kuniona nikikula chakula chake. Ilibidi tuketi tuongee. Nafuu nimepata, siwezi kukataa. Lakini kuna mtu fulani mchangamfu ameondoka na huwa namkumbuka.

(Hii dawa ina ukoo wa ajabu. Ya kwanza ya aina hii, iliyoidhinishwa Marekani 2005, ilitokana na sumu iliyo kwa mate ya mjusi wa jangwani. Mama yangu nilipomwelezea akasema ndiyo sababu nimekauka hivi.)

BiMkubwa_Tanga

Mwanangu Fundi, mimi mpishi wa shughuli, Tanga. Nawaza chakula kutwa na ndiyo kazi yangu, sijawahi kujiona mgonjwa. Nikiwa msibani nawaza mchele utatosha au hautatosha, na si kwamba sina huzuni na marehemu.

Ila umenikumbusha jambo. Kwetu tulikuwa wengi. Sinia la kwanza lilikwenda barazani kwa wanaume, na baba na wageni wake hawakuwa watu wa kubakisha. Sisi wasichana tulingoja ukoko na mchuzi uliobaki chini. Mtoto wa namna hiyo anajifunza kuhesabu kabla hajaenda skuli: matonge mangapi yamesalia, nani ana mkono mkubwa, nani anatafuna upesi. Sasa nimevuka sitini, napikia watu mia tano, sufuria zangu mtu mzima anaingia akaoga, na bado nikikaa kwenye sinia macho yanakwenda kwenye mikono ya wenzangu. Ndoo ya unga ikifika nusu silali vizuri. Mjukuu wangu ananicheka, na mimi nafurahi kwamba hajui ninachokihesabu.

Wewe kwenu mlikuwa mnakula vipi?

Fundi_Mbagala

Nimekawia kujibu kwa sababu swali la Bi Mkubwa lilinikaa. Shikamoo Bi Mkubwa. Kwetu chakula hakikukosekana. Mimi nimelelewa na shangazi, na yeye alikuwa anafungia sukari, mkate na maziwa ya kopo kabatini, ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Akiupoteza ni mimi nimeuiba. Nikichota chakula anasema, "Na mwili huo?" Nilikuwa na miaka kumi. Akitembea nasikia ule ufunguo unagonga meza kabla hajatokea mlangoni. Nilikuwa sijaufikiria miaka mingi.

Lishe_Dodoma, nikujibu. Sindano ya uzazi wa mpango ndiyo, natumia. Tezi sijapima. Msimu huu wa sare nalala saa nane, saa tisa, nyingine nalalia juu ya cherehani. Kujitapisha hapana. Kula mpaka niumwe, ndiyo, siku hizo zipo, na nilijua utaniuliza.

Nimeanza kula asubuhi. Kuna mzee anauza supu ya makongoro karibu na kituo, nimepita pale miaka yote hii nikiziba pua. Nikala na chapati mbili, natetemeka, nahisi wote wananitazama. Saa tano kijana wa chipsi akaanza kumenya viazi vyake. Nilimsikia, nikaendelea kuweka kola. Nilipokuja kuangalia saa ilikuwa saa nane kasoro na nimemaliza blauzi mbili. Sijui niseme nini kuhusu hilo, nililia kidogo.

Usiku haujabadilika. Nimeamka vile vile nikaenda jikoni. Safari hii mume wangu akaja, akawasha taa. Nikamwambia yote nikiwa na upawa mkononi. Akasema anajua siku nyingi, ila alifikiri namkwepa yeye mezani, kwamba sipendi kula naye. Mwaka mzima mtu anakula peke yake akifikiri kanikosea, mimi niko chumbani na tango langu.

Sasa afisa, niambie: sindano niache? Na usiku nifanyeje?

Lishe_Dodoma

Sindano usiache kienyeji, utakuja hapa na swali jingine kabisa. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango, waeleze, njia ziko nyingi, mtachagua. Siku hiyo hiyo omba kipimo cha tezi. Na hilo la kula mpaka uumwe, hilo ndilo linanifanya nikwambie usiishie kwangu. Muone mtaalamu wa afya ya akili, umsimulie na habari ya ufunguo.

Usiku, pakua chakula cha jioni ukae na mumeo, kwenye sahani, kiwemo na wanga. Kiporo kikibaki, ukikitaka saa nne, kipashe moto, kaa, kula na taa imewaka. Mizani iweke mbali kwa sasa.

Na kwa wote mnaosoma: chai na vidonge vya kukata tumbo vinavyouzwa mitandaoni, nyingi ya hizo chai ni dawa za kuharisha tu. Vidonge vingine vimewahi kukutwa vimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo.

Fundi_Mbagala

Nimekuelewa. Kliniki naenda Jumatatu, mume wangu atakaa bandani. Na wewe uliyenifuata faragha na chai yako ya siku saba, umesoma mwenyewe hapo juu.

Kibarazani

Fundi, bila kukuudhi, hayo makongoro bei gani huko kwenu? Huku wametupandishia.

Fundi_Mbagala

Elfu tatu bakuli, chapati unalipia pembeni. Wahi kabla ya saa mbili, yanaisha.